Josiah Kibira: Baba Aliyepanua Ukoo

Kwetu Bukoba, mgeni akifika nyumbani haulizwi kwanza anafanya kazi gani. Anaulizwa ni mtoto wa nani, katoka wapi, ukoo wake upi na muziro wake nini, yaani kile ambacho watu wa ukoo wake wamekatazwa kukila. Akishajibu, mwenyeji anajua amweke wapi: huyu jamaa, huyu shemeji, huyu mtu baki. Jamaa anakaribishwa mpaka chumba cha ndani. Mtu baki anapewa kahawa ya kutafuna na maneno mazuri, halafu basi, safari njema.

Mimi ni mkazi wa Rwamishenye, ndani ya Manispaa ya Bukoba, na katika mtaa wetu watu baki ndio wengi. Wapo waliotoka Muleba, wapo wa Karagwe, wa Ngara, wa Misenyi, wapo hata waliovuka ziwa kutoka Mwanza. Mtu kapanga chumba kimoja, ana kitanda, jiko la mkaa na redio, ndugu zake wako mbali. Kwa hiyo swali la nani ndugu yangu, kwetu si swali la darasani. Linakuja mtu akiugua usiku wa manane. Linakuja zaidi akifa.

Ndiyo maana nimeshika kalamu kumkumbuka mtu mmoja wa nchi hii aliyelibeba swali hilo karibu maisha yake yote, Askofu Josiah Kibira. Usiogope ndugu msomaji, sitakuhubiria. Mimi mwenyewe sikumwona kwa macho, maana alifariki kabla sijazaliwa. Namchukua kama mtu wa historia, mume wa Martha, baba wa watoto, aliyeshindwa kuamini kwamba mapenzi ya mtu yanaishia kwenye ua wa nyumba yake. Mkoa wetu umetoa wakubwa wengi. Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika tangu 1960, ni wa hapa hapa. Lakini Rugambwa, kwa utaratibu wa kanisa lake, hakuoa. Kibira alikuwa na mke na watoto kama baba yeyote wa Buhaya, na ukoo unaomdai haki zake. Huyo ndiye tunayeweza kumwuliza: wewe mwenye familia yako uliwezaje kuwa na nafasi ya wengine?

Kibira alizaliwa Agosti 1925 huko Kashenye, nchi ya Kiziba, kaskazini ya Bukoba. Baba yake, Isaya, alikuwa mmoja wa wale waliotangulia kuingia Uprotestanti katika sehemu hizo. Alifariki Josiah akiwa bado mtoto mdogo. Hapa nataka tusimame kidogo. Mtoto aliyefiwa na baba Buhaya ya wakati ule hakuwa mtoto wa barabarani. Ukoo ulikuwepo, na kibanja kilikuwepo, lile shamba la migomba na mibuni ambalo baba huzikwa ndani yake na mwana akaendelea kulima juu yake. Lakini mtoto huyo pia aliona mapema kwamba anaishi kwa hisani ya watu wazima ambao si baba yake. Sidhani mtu hulisahau somo kama hilo.

Ili umwelewe Kibira huna budi kuelewa kitu kingine cha kwetu, kinaitwa omukago. Wazee wanakisimulia hivi. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja wamependana, au wamefanyiana wema mkubwa, nao wanataka undugu wao usiishie mdomoni. Linatafutwa tunda moja la kahawa. Ukilipasua tunda la kahawa, ndani mna mbegu mbili zilizolala kifua kwa kifua. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, mbegu inapakwa damu, kisha huyu anameza ya yule na yule anameza ya huyu. Toka siku hiyo ni ndugu. Mwanao ni mwanangu, deni lako ni langu, nyumba yangu huwezi kukuta imefungwa. Atakayesaliti, laana iko tumboni mwake mwenyewe, kwani kahawa ile kaila.

Yaani babu zetu, watu wa ukoo kupindukia, walijua kuwa ukoo peke yake hautoshi. Mfanyabiashara atasafiri, vita vitakuja, njaa itaingia, na damu ya baba mmoja haitakuwa karibu. Wakatengeneza mlango wa kumwingiza mtu baki ndani. Ulikuwa mlango mwembamba, wa mtu mmoja mmoja, lakini ulikuwa mlango.

Kibira alisomea ualimu, akafundisha. Mwaka 1947 aliingia katika ule uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ukafika Bukoba, ambao watu wake waliitwa Balokole, waliookoka. Vijana wa leo wanaweza kucheka habari hizo, lakini zitazame kwa jicho la mwanahistoria. Ndani ya uamsho, watu wa koo tofauti, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mtu wa kawaida, mwanamume na mwanamke, walikaa pamoja wakaungama mbele ya wenzao na kuitana ndugu. Hapakuwa na tunda la kahawa wala kiwembe, lakini mzee wa Kiziba akichungulia dirishani angeujua mchezo huo. Ulikuwa omukago wa kundi zima.

Mwaka 1957 alikwenda kusoma Bethel, Ujerumani. Wamisheni wa Bethel ndio walioanza kazi Bukoba 1910, kwa hiyo jina halikuwa geni kwake. Bethel wenyewe si mji wa kawaida. Ulijengwa kuanzia karne ya 19 kuwazunguka wagonjwa wa kifafa, watu ambao kwingineko jamaa zao waliwaficha ndani. Pale mgonjwa alikuwa na nyumba yake, kazi yake na jirani yake. Mwanafunzi wa theolojia akitoka darasani, watu aliokutana nao njiani ni hao. Kwetu enzi hizo mtu mwenye kifafa alikuwa anaogopwa, hata sahani yake ilitengwa. Fikiria kijana wa Kashenye anaishi hapo miaka mitatu.

Alirudi akabarikiwa uchungaji mwaka 1960, akafanya kazi karibu na Msweden Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu wa Walutheri wa Bukoba kuanzia 1961. Halafu akaenda tena kusoma, safari hii Boston, Marekani, 1962 mpaka 1964. Ni miaka ile ile ambapo Weusi wa Marekani walikuwa wanaandamana kudai haki zao. Maandamano makubwa ya Washington yalikuwa Agosti 1963. Aliporudi alimrithi Sundkler, mwaka 1964, akawa Mwafrika wa kwanza kuishika nafasi hiyo hapa Bukoba. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Mwaka 1974 kitabu chake kilichapwa huko Lund, Sweden, kwa Kiingereza. Jina lake lina maneno matatu: Kanisa, Ukoo na Dunia. Nawaomba waandishi wenzangu mtazame lile neno la katikati. Msomi mwingine wa wakati wake angeliruka, angeona ni mambo ya kishenzi ya nyumbani, akarukia dunia moja kwa moja. Kibira hakuliruka. Mimi nilivyomwelewa, hoja yake ni kwamba Mhaya hawezi kufundishwa kupenda dunia nzima kwa kuambiwa asahau ukoo wake. Alichojifunza katika ukoo, kugawana chakula, kulea mtoto wa marehemu, kumzika mtu kwa heshima, hicho hicho ndicho kichukuliwe kikapelekwe mbali zaidi.

Lakini tusimpake ukoo mafuta. Ukoo una ukali wake. Ardhi ya ukoo kwa mila ya Kihaya ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alitumia tu, hakuruhusiwa kuiuza. Wajane wangapi wametolewa kwenye kibanja siku chache baada ya matanga, mashemeji wakigawana mpaka sufuria? Ilipofika 1990 ndipo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi iliyotoka huku huku kwetu, alipoamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba la baba yake ana haki ya kuliuza kama mwanamume, na kwamba mila inayomkatalia inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Kesi hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo. Naitaja ili tujue kwamba kuupanua ukoo si kuwaongeza wageni tu. Kuna watu waliokuwa ndani tangu zamani nao hawakuhesabiwa.

Turudi kwa Kibira. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na Kibira akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo huo ulitamka jambo zito kuhusu Afrika Kusini: kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni suala la imani yenyewe, wala si siasa ambayo kila kanisa linaweza kujiamulia. Miaka saba baadaye, 1984, mkutano ulipokaa Budapest mwishoni mwa urais wake, makanisa mawili ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kuwa yalishindwa kujitenga na ubaguzi huo.

Wapo waliosema kwamba kumfukuza ndugu mezani si undugu. Mimi nalipima jambo hili kwa kipimo cha kwetu. Katika omukago, ukishaila ile kahawa huwezi kumwacha ndugu yako anapigwa nje ya mlango wako, halafu ukaendelea kudai kwamba mnapendana. Makanisa yale yalitaka meza moja na ndugu weusi katika mikutano ya dunia, lakini nyumbani milango ilikuwa imefungwa. Mzee wa Kihaya angewaambia wamekula kiapo cha bure.

Na Kibira hakulazimika kusafiri ili ayaone mateso. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaingia kaskazini ya mto Kagera. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu walikimbilia kusini na godoro kichwani. Rais wa Walutheri wa dunia nzima alikuwa askofu wa Bukoba, mji wa vita. Nyumba nyingi za huku zilipokea watu wakati ule, na wenyewe wanasimulia kwamba hakuna aliyeuliza muziro kabla ya kumpa mtu mkeka.

Halafu likaja pigo ambalo lilimshinda hata ndugu wa damu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana hapa Kagera, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Ndolage ni hospitali ya dayosisi ile ile aliyoiongoza Kibira. Watu hawakujua ni kitu gani. Wakauita Juliana, jina la nguo za magendo zilizopendwa sana siku hizo. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba Mjini wana virusi, karibu mmoja katika kila wanne. Vibanja vikabaki na bibi na wajukuu. Baba mdogo aliyetazamiwa kulea watoto wa marehemu kaka yake naye alikuwa marehemu.

Ebu tazama jambo hili. Ugonjwa unaopita katika damu uliingia katika nchi ambayo undugu wake mkubwa kuliko yote ulipita katika damu. Omukago wa kiwembe ulikuwa umeanza kufifia kabla ya hapo, kwa sababu ya dini na shule, lakini baada ya hapo nani angethubutu? Na wakati huo huo ndipo tulipouhitaji kuliko wakati wowote, maana koo zilikuwa zinapukutika na watoto wanahitaji baba ambao si baba zao.

Kibira mwenyewe alikuwa anaumwa. Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka viungo, ulimwandama miaka yake ya mwisho. Mtu aliyesoma katika mji wa wagonjwa akawa mgonjwa anayehitaji kushikwa mkono. Alifariki Julai 1988, akiwa na miaka 62. Baadaye dayosisi yake ilianzisha Huduma ya Watoto, iliyojulikana kwa jina la HUYAWA, kwa ajili ya yatima. Kazi hiyo haikujenga nyumba kubwa ya kuwarundika watoto wote. Iliegemea nyumba zilizokuwepo, bibi, mjomba, jirani, ili mtoto alelewe pale pale alipozaliwa na aende shule. Kibira hakuishi kuiona, lakini mimi nikiitazama naliona lile neno la katikati la kitabu chake.

Sasa nirudi mtaani kwetu, maana historia isiyofika mtaani ni hadithi ya kulalia. Tuna chama cha kufa na kuzikana, kama mitaa mingi ya Bukoba. Mnachanga kila mwezi. Akifa mwanachama au mtu wa nyumba yake, chama kinanunua sanda, kinalisha waombolezaji, kinatoa usafiri. Miaka michache iliyopita alifariki kijana mmoja mpangaji, fundi pikipiki, mtu wa mbali. Hakuwa mwanachama. Simu ya kwao ilikuwa haipatikani. Tukakaa kikao, na kikao hicho sitakisahau. Mmoja akasema katiba ni katiba, ukimzika huyu leo kesho nani atachanga? Maneno yake yalikuwa na akili ndani yake, tusidanganyane. Mwingine akasema maiti ni ya serikali.

Mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo anatafuna kahawa yake, akaomba nafasi. Akasema babu yake alikula omukago na mtu wa Karagwe aliyejuana naye kwa biashara ya chumvi tu, na mwaka wa njaa mtu yule akachukua watoto wawili wa Kihaya akawalea mpaka mvua zikarudi. "Mmoja wao ndiye baba yangu," akasema. "Damu siku hizi hatuchanji tena, na ni vizuri. Nauliza tu, tuliacha wembe au tuliacha na ahadi?" Akakaa.

Msidhani kikao kizima kililia tukakumbatiana. Waliochanga walichanga, waliokataa walikataa na mpaka leo wanasema tulivunja katiba. Tulipata Hiace, maiti ikasafirishwa, simu ya kwao ikapatikana tukiwa tumefika nusu ya njia. Mama yake alitupokea akatuuliza sisi ni nani kwa marehemu. Tukatazamana. Kijana mwenzangu ndiye aliyejibu: "Ni ndugu zake wa Rwamishenye, mama." Baada ya hapo chama kilibadilisha kifungu kimoja: mpangaji anaweza kuingia kwa kiingilio kidogo, mwezi wowote, bila kuulizwa kwao wapi. Ni kifungu cha mistari miwili. Kimetuchukua mabishano ya wiki tatu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tumezoea kuwasifu watu kama Kibira kwa vyeo vyao, askofu, rais wa dunia, halafu tunawaacha huko juu ambako hatuwezi kuwafikia. Jina lake lilipewa hata chuo kikuu kishiriki mjini Bukoba. Ni heshima, lakini chuo si lazima kikufundishe kumfungulia mlango jirani. Kilichomfanya akumbukwe kinaweza kufanywa na kinyozi, na mama ntilie, na mwanafunzi wa sekondari. Alipenda nyumba yake, hakuona haya kuwa mtu wa ukoo, kisha akasogeza ua hatua moja, halafu hatua nyingine, mpaka mgonjwa, mkimbizi na mtu wa Soweto wakajikuta wako ndani.

Kwenu ninyi mnaotaka kuwa waandishi, nina kazi moja. Katika kila nyumba ya Kagera yupo mtu aliyelelewa hapo bila kuwa wa damu ya hapo. Pengine ni mama yako, pengine ni babu. Mwulize aliingiaje, nani alimfungulia mlango, na nani alinuna. Mambo hayo hayajaandikwa popote, na wanaoyajua wanaondoka kila mwezi. Chukueni daftari mkaulize. Wengine wetu tutasoma mkituletea.